UZI: Studio ya picha ya kuchangia: pimeni chumba kwanza, gawaneni saa, kila mtu abaki na taa zake

Mwanzisha uzi

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Humu ndani wapiga picha huulizana sana kuhusu kamera ya kununua na taa yenye nguvu, lakini ni nadra kukuta mtu akiuliza kuhusu jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo huamua kama studio itadumu au itafungwa kabla ya kodi ya awamu ya pili: chumba chenyewe, na namna wanaokitumia wanavyogawana saa zake. Mimi ni mpiga picha wa harusi na picha za watu hapa Dar es Salaam, na chumba ninachofanyia kazi, kilichoko Sinza, tunakichangia watu watatu. Nitaje msimamo wangu mapema ili wenye maoni tofauti wajiandae: changieni chumba, msichangie kamera wala taa.

Nianze na chumba. Dalali atakuambia ni kikubwa. Wewe nenda na futikamba. Mtu mzima akisimama, pamoja na nafasi kidogo juu ya kichwa na chini ya miguu, anahitaji picha yenye kuchukua urefu wa mita 2.2 hivi. Ukiwa na kamera ya sensa kubwa (sensa ni kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga), ile ya milimita 36 kwa 24, na lenzi ya milimita 85, utalazimika kusimama mita 5.2 kutoka alipo. Ongeza mita 2 kati yake na karatasi ya nyuma ili kivuli chake kisiangukie hapo, kisha mita 1 ya kukutosha wewe mwenyewe na kiwiko chako, na tayari umevuka mita 8. Kwa lenzi ya milimita 50 umbali unashuka hadi mita 3.1, na chumba cha mita 6 na ushei kinatosha. Wenye kamera za sensa ndogo wasijidanganye kwamba lenzi hiyo ya 50 itawafanyia kazi ileile, kwa sababu kwao inawarudisha nyuma hadi karibu mita 5. Sasa chukua fremu ya duka ya futi 10 kwa 12, yaani takriban mita 3 kwa 3.7, ambayo ndiyo wengi wetu huonyeshwa: humo utapiga picha za kiuno kwenda juu kwa raha kabisa, ila bibi harusi mwenye shela refu hatatoshea, na ukibadilisha lenzi kuwa pana ili umlazimishe atoshee, utamrefushia pua na kumpunguzia miguu, halafu akatae kulipa.

Upana nao una hesabu yake. Karatasi ya studio huuzwa kwa roli za mita 2.72 na za mita 1.35, zote zikiwa na urefu wa mita 11 hivi. Roli kubwa inahitaji chumba cha mita 3.5 au zaidi kwa upana, kwani stendi zake mbili na taa za pembeni hazikai hewani. Kuhusu dari, chini ya mita 2.7 utaanza kuinamisha taa badala ya kuipandisha, na dari nyeupe ya jipsam itakurudishia mwanga ambao hukuuomba.

Kwa nini ninasisitiza urefu kuliko kitu kingine chochote? Kwa sababu mwanga hupungua kwa mraba wa umbali. Taa ikiwa mita 1 kutoka usoni mwa mteja na mita 3 kutoka kwenye karatasi nyeupe, karatasi hiyo hupata sehemu moja tu ya tisa ya mwanga alioupata mteja, na kwenye picha hutoka kijivu kilichokolea. Msogeze mteja karibu na karatasi, itarudi kuwa nyeupe. Mpeleke mbali zaidi, itakaribia kuwa nyeusi. Mwenye chumba kirefu hununua roli moja nyeupe na kupata rangi tatu, ilhali mwenye chumba kifupi hununua roli tatu na bado vivuli vya wateja wake vinaonekana ukutani kama vimechorwa.

Kama mnapanga kutumia mwanga wa dirishani, ushauri wa vitabu vya Ulaya wa kutafuta dirisha la kaskazini msiuchukue ulivyo. Kule jua la mchana halipiti upande huo, lakini Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri hukaa upande wa kaskazini kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba, kisha huhamia kusini kwa miezi inayobaki. Dirisha la kusini ndilo lenye mwanga tulivu kwa sehemu kubwa ya mwaka, na ikifika Oktoba mnatundika pazia jeupe jepesi. Dirisha la magharibi liacheni kabisa, labda kama mnapenda kupika wateja.

Rangi ya ukuta ichagueni kabla ya kuhamisha kitu chochote. Ukuta wa kijani au wa pinki, uliopakwa na mpangaji wa saluni aliyewatangulia, hurudisha rangi yake kwenye ngozi ya mteja, na hakuna programu inayoiondoa vizuri kwa sababu huwa imegusa shavu moja tu. Kijivu kisichong'aa ndicho chaguo langu. Chumba cheupe kitupu husambaza mwanga kila upande, jambo ambalo huipunguzia sura umbo lake, na ngozi zetu nyeusi hupendeza zaidi pale mng'ao unapoonekana wazi upande mmoja wa uso na kufifia taratibu kuelekea upande wa pili. Mng'ao wa namna hiyo hutokana na taa yenye softboksi kubwa, yaani kasha la kitambaa linalolainisha mwanga, iliyosogezwa karibu, na huonekana vyema zaidi kuta zinapokuwa hazirudishi mwanga ovyo.

Sasa nije kwenye kuchangia, ambako ndiko studio nyingi hufia.

Watu watatu wakikodi chumba hudhani wamegawana kodi kwa tatu na mambo yamekwisha. Ukweli ni kwamba hawakununua chumba. Walinunua saa, na saa hazilingani thamani. Jumanne asubuhi haina mgombea. Jumamosi kuanzia saa nane mchana, wakati wa sendofu na harusi, kila mmoja anaitaka, na yule anayeishi karibu na studio au mwenye ufunguo ndiye huishia kuwa mwenye studio bila kutangazwa. Sisi tumeandika kwamba Jumamosi na Jumapili zinazunguka kwa zamu. Asiyetumia zamu yake anaweza kumwachia mwenzake, lakini lazima aandike hivyo kwenye daftari kabla ya Alhamisi jioni, na aliyeachiwa hulipia saa hizo.

Kodi tunaigawa nusu kwa usawa na nusu kwa matumizi. Nitatoa mfano wa hesabu, si wa kodi yetu halisi: tuseme chumba ni shilingi 420,000 kwa mwezi. Nusu yake, 210,000, inagawanywa kwa watatu, kila mmoja 70,000, hata kama mwezi mzima hakuingia, kwa maana haki ya kuingia nayo ina bei. Nusu ya pili inagawanywa kwa saa. Ikiwa mmoja alitumia saa 60, mwingine 30 na wa tatu 15, jumla ni saa 105, hivyo kila saa ni shilingi 2,000. Wa kwanza atalipa 190,000, wa pili 130,000 na wa tatu 100,000. Mwenye kazi nyingi haoni kwamba anabeba wenzake, na mwenye kazi chache haoni kwamba anamlipia tajiri. Kumbukeni tu kwamba mwenye nyumba atadai miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, na dalali naye atataka kodi ya mwezi mmoja, kwa hiyo fedha hizo zikusanywe na mgawanyo wa saa urekebishwe kila mwisho wa mwezi kati yenu wenyewe. Vilevile, mpangaji anayefanya biashara anatakiwa kukata asilimia 10 ya kodi hiyo na kuiwasilisha TRA, na wenye nyumba wengi hujifanya hawalijui hilo. Lizungumzeni siku ya kukubaliana bei, si siku ya kusaini.

Mwisho kwa leo, mkataba wa pango utaje majina yenu wote. Ikiwa jina ni la mmoja, wale wawili wengine ni wageni wake, na mikataba mingi inakataza kupangisha tena bila idhini ya maandishi ya mwenye nyumba. Karibuni kwa maswali.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, nashukuru kwa uzi wenye hesabu. Hata hivyo sikubaliani na suala la vifaa. Mimi ndiyo kwanza naanza, nina kamera moja na lenzi mbili. Wenzangu wawili wako hivyohivyo. Tukiunganisha nguvu tunanunua flashi mbili za nguvu, softboksi nzuri na lenzi ya 85, vitu ambavyo kila mmoja peke yake angevipata baada ya miaka. Kuna ubaya gani?

Mwanzisha uzi

Hakuna ubaya siku ya kununua, ndugu yangu. Swali langu ni siku ya kutengana. Chumba hakigawanyiki vibaya: kodi ikiisha, kila mtu anaondoka. Lakini flashi mbili kwa watu watatu mtazigawaje, kwa bei ipi, ya dukani au ya kifaa kilichotumika? Na lenzi iliyoanguka Bagamoyo kwenye harusi ya mmoja wenu, wakati ilinunuliwa kwa ajili ya studio, nani anailipa? Zaidi ya hayo kuna jambo la kisheria ambalo wengi hulipuuza. Kugawana gharama za chumba ni jambo moja. Kumiliki vifaa pamoja na kugawana faida ni jambo jingine linaloweza kuonekana kuwa ni ubia, na katika ubia deni alilolifanya mwenzako kwa ajili ya biashara linaweza kukufuata wewe. Kama mnataka ubia, ufanyeni kwa makusudi, kwa mkataba na kwa usajili, wala msiuangukie kwa sababu mlinunua taa pamoja.

Njia tunayoitumia ni hii: kila kifaa kina mwenyewe mmoja, na kina bei ya kuazima iliyobandikwa ukutani. Mwenzangu ana softboksi kubwa ya pembe nane. Nikiitaka nalipa, nikiivunja nanunua nyingine. Mimi nina flashi ya betri ambayo wao huitaka sana umeme unapokatika. Baada ya muda utaona kwamba kila mmoja hununua kile ambacho wenzake hawana, kwa sababu kinamwingizia kidogo kidogo. Tunachomiliki kwa pamoja ni kile kilichofungwa kwenye jengo au kisichotoka nje kamwe: reli za kutundikia karatasi, kioo, feni, viti, mtungi wa kuzimia moto. Karatasi yenyewe tunailipia kwa mita. Aliyeichafua kwa viatu anakata kipande chake na kuandika urefu wake, na roli ikifika mwisho hesabu iko tayari.

Jambo dogo la kiufundi kabla sijasahau: triga za kisasa, vile vifaa vya juu ya kamera vinavyowasha flashi bila waya, hutengenezwa kwa ajili ya kampuni moja ya kamera, kwa hiyo mkiwa na Canon, Nikon na Sony ndani ya chumba kimoja, ya mmoja haitamfaa mwenzake kikamilifu. Kila mtu awe na yake ya kampuni yake, na flashi zote ziwe za familia moja ili zisikilizane. Pia wekeni chaneli tofauti na jirani kama naye ni mpiga picha, la sivyo mtakuwa mnawashiana taa kupitia ukutani.

Mchangiaji wa pili

Salamu kutoka Mombasa. Sisi tuko wanne na chanzo cha ugomvi wetu ni umeme. Mmoja ana flashi kubwa mbili za kuchomeka ukutani, na wengine watatu wanaotumia taa ndogo za LED wanadai yeye ndiye anayemaliza tokeni. Mnagawaje?

Mwanzisha uzi

Ndugu wa Mombasa, wenzako wanamwonea. Chukua flashi ya jouli 400, ipige kwa nguvu zote mara 1,000, jambo ambalo ni kazi ya siku nzima na zaidi. Jumla ni jouli 400,000, sawa na uniti 0.11 za umeme. Hata tukikadiria kwamba nusu ya umeme hupotea ndani ya mashine, hazifiki robo ya uniti. Flashi hukusanya umeme na kuutoa kwa kufumba na kufumbua, ndiyo maana inaonekana kali kuliko inavyokula. Ile taa ndogo ya kuongozea iliyomo ndani yake, ya wati 150, ikiachwa imewaka saa 8 hula uniti 1.2, yaani ni mara kadhaa ya flashi yenyewe. Mwambieni aizime anapopumzika. LED ya wati 150 nayo hula kiasi hichohicho, kwa kuwa haizimwi.

Mlaji wenu ni kiyoyozi. Cha BTU 12,000 hutumia karibu kilowati 1 kikiwa kinafanya kazi, hivyo siku ya saa 8 inaweza kufika uniti 6 au 8 kwa joto la pwani. Sisi tunaandika uniti zilizobaki kwenye mita ya LUKU wakati wa kuingia na wakati wa kutoka, kwenye daftari lilelile la saa. Hatubishani tena kuhusu taa. Tunabishana kuhusu nani aliacha mlango wazi.

Msisahau waya wa ardhi. Flashi za kuchomeka zinapojichaji huvuta umeme kwa kishindo, na chumba ambacho fundi alikiunga bila waya wa ardhi si mahali pa kushika stendi ya chuma. Kwa unyevu wa pwani, wekeni pia kabati la kufungwa lenye vifuko vya silika kwa ajili ya lenzi, kwani kuvu akishaingia kati ya vioo, kumtoa ni kazi ya fundi na si ya kitambaa.

Mchangiaji wa tatu

Kaka, uzi ni mzuri, lakini umeandikwa na mwanamume, kwa hiyo niongeze lile ambalo sisi wapiga picha wanawake huliona mapema. Wateja wangu wengi ni wajawazito, akina mama wenye watoto wachanga na mabinti wa sendofu, na studio ya kuchangia ilinishinda mahali nilipokuwa mwanzo kwa sababu mwenzangu alikuwa akiingia na funguo zake kuchukua stendi, bila hodi, wakati mteja wangu anabadili nguo. Sasa hivi saa yangu ni yangu: hakuna anayeingia, hata kwa dakika moja, na pembe ya kubadilishia nguo imezungushiwa mbao hadi juu, si pazia la kusogezwa. Kamera ya ulinzi iko mlangoni kwa nje. Ndani haipo, na ninamwonyesha mteja kwamba haipo.

La pili ni picha zenyewe. Kompyuta ya pamoja ni hatari. Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na picha inayomtambulisha mtu ni taarifa yake. Mteja wangu alitoa ridhaa kwangu, hakuitoa kwa wale ninaochangia nao kodi. Kila mtu ahifadhi kazi zake kwenye diski yake na aondoke nayo, na picha ya mteja isiwekwe kwenye ukurasa wa studio bila idhini ya maandishi. Kwa mtoto, idhini ya mzazi.

Mwanzisha uzi

Dada, nimelipokea, na hilo la funguo tutalizungumza na wenzangu wiki hii. Stendi na karatasi za pamoja tutazihamishia kwenye kabati la koridoni ili pasiwepo na sababu ya mtu kugonga.

Mchangiaji wa nne

Vijana, nimeendesha studio ya paspoti kwa muda mrefu na naona mnamsahau anayelipa kodi. Chumba cha ghorofani chenye mita 8 ni kizuri, lakini hakuna mpita njia atakayepanda ngazi kupiga picha ya paspoti. Zanzibar, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930 pale Mji Mkongwe, na duka hilo lilijulikana kizazi baada ya kizazi kwa sababu lilikuwa mtaani na picha zake zilionekana. Kazi ndogo za kila siku huleta watu ambao kesho watakuja na familia nzima. Na msizidharau, zina masharti yake: picha ya viza ya Marekani ni milimita 51 kwa 51, nyuma nyeupe, na tangu Novemba 2016 miwani hairuhusiwi, ya Schengen ni milimita 35 kwa 45. Ukikosea, mteja anarudishwa dirishani na jina lako linachafuka.

Mwanzisha uzi

Shikamoo mzee. Kwa anayetaka kuishi kwa picha za paspoti, fremu ya chini ya barabarani ni lazima, wala sibishani, na ile ya futi 10 kwa 12 niliyoisema vibaya hapo juu inamtosha kabisa. Tofauti yetu ni kwamba studio ya kufungua kutwa haichangiki kirahisi, kwani lazima mtu akae humo tangu asubuhi, na saa zote huwa zake. Chumba cha miadi, ambacho mteja huelekezwa kwa simu, ndicho watu watatu wanaweza kukigawana, na kwa kuwa hakihitaji barabara, ghorofani mnapata urefu kwa kodi ambayo chini ingewapa kibanda. Ila ushauri wako wa picha kuonekana nimeuchukua: tumeongea na mwenye duka la vitambaa hapo chini aturuhusu kutundika picha kubwa mbili kwenye ukuta wake wa nje.

Mchangiaji wa kwanza

Nimeelewa kuhusu vifaa, mkuu. Swali la mwisho: mmoja akitaka kutoka katikati ya miezi sita iliyolipiwa, mnafanyaje?

Mwanzisha uzi

Anatoa taarifa ya siku 60 kwa maandishi. Anaweza kumleta mtu wa kuchukua nafasi yake, na waliobaki wana haki ya kumkataa mara moja tu bila kutoa sababu. Wakimkataa na wa pili, basi wao ndio wanaobeba sehemu yake ya kodi kuanzia siku ya 61. Asipoleta mtu, sehemu yake ya ile nusu ya usawa hairudishwi kwa miezi yote iliyobaki ya awamu hiyo ya kodi, lakini nusu ya matumizi inakoma siku aliyorudisha ufunguo. Gharama aliyochangia kwenye reli na kioo hairudishwi. Na kitasa kinabadilishwa siku hiyohiyo, hata kama tumeachana kwa heri, na kinalipiwa na wanaobaki.